Njaa Iliyohamia Upareni

Asikudanganye mtu: kushiba na kutosikia njaa ni vitu viwili tofauti. Elinaike Mmari aliijua tofauti hiyo kila asubuhi, alipoketi mezani akiutazama uji wake kama mtu anavyotazama lundo la nguo za kufua. Bangili aliyovishwa kliniki ilimtetemekea mkononi kumkumbusha kwamba muda wa kula umefika, naye akala. Alimeza, akafuta mdomo, akasubiri bangili itulie. Uji ungekuwa na sukari au ungekuwa na chumvi, kwake ilikuwa mamoja. Bangili ikatulia, na kazi ya kwanza ya siku ikawa imekwisha.

Kabla ya kisu alikuwa mwanamke mkubwa. Haukuwa ule unene unaosifiwa kwenye harusi. Ulikuwa unene wa kuhema. Akivaa viatu, ilibidi apumzike baada ya mguu wa kwanza. Kanisani alikaa mwisho wa benchi ili asiwabane wenzake, na katikati ya ubeti pumzi ilimkatikia, akabaki anafungua na kufunga mdomo ili mwalimu wa kwaya asimtambue. Moyo wake, daktari alimwambia, ulikuwa unafanya kazi ya punda wawili. Na bado ndani ya mwili huo uliomchosha palikuwa na rafiki mmoja asiyemwacha. Njaa yake ilikuwa na akili. Iliamka kabla yake, ikamwambia leo tule mtori, leo tutafute ndizi za kuchoma, leo hapana, leo ni kiburu tu. Elinaike alikuwa mjane, na watoto walikuwa mbali. Tuseme ukweli: njaa ndiyo iliyokuwa ikimwamsha.

Sasa alikuwa amepungua hata joho lake la kwaya alilipunguza mara nyingi, mpaka ushonaji wake mwenyewe ukamkera, akalifumua lote na kulikata upya. Yeye ndiye aliyekuwa akishona majoho ya nusu ya makanisa ya Moshi, kwa hiyo aliujua mwili wa mtu kwa kuutazama, na ule wa kwake hakuutambua. Aliimba sauti ya pili kwa pumzi moja. Alipanda kwa miguu hadi Machame alikozaliwa, akashuka siku hiyohiyo. Watu walimsifu barabarani. Hakuwaambia kwamba nyumba imekuwa kimya, wala kwamba siku moja alisimama jikoni mkono ukiwa juu ya sufuria tupu, akalia kama aliyefiwa.

Zamani za bibi yake madaktari walikuwa wanakata tumbo lenyewe, wanaliacha dogo kama firigisi, na njaa inabaki mlemle inapiga mlango. Kisha kikagunduliwa kiini. Ni punje ya nyama isiyozidi harage, imejificha juu ya tumbo pale mshipa wa fahamu unapogawanyika, na hamu yote ya mtu, pamoja na kumbukumbu za alichowahi kutamani, inakaa hapo. Ukikitoa, mwili hupungua wenyewe. Lakini kiini hakikubali kufa. Kikikosa damu ya kukilisha, mwili uliokitoa nao huzimika, na hakuna daktari aliyeweza kueleza kwa nini. Kwa hiyo kila kiini kilichotolewa lazima kipandikizwe kwa mtu mwingine kabla jua halijazama. Wapokeaji walikuwa wagonjwa waliopoteza hamu ya kula, wazee waliokuwa wanakauka vitandani. Hao walikuwa wachache, na wenye kutaka kutoa walikuwa umati. Mtoaji hakuambiwa kamwe jina la mpokeaji. Elinaike alisubiri mpaka akakata tamaa, kisha akaambiwa mtu amepatikana. Hakuuliza zaidi. Kila Jumapili alimwombea mgonjwa huyo asiyemjua, ale, anenepe, apone.

Alikuwa karakanani anapiga pasi kola za majoho siku Nakijwa alipoingia. Nakijwa alikuwa mke wa Mbonea Mshana, fundi cherehani, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akishuka na treni ya umeme kutoka Mwanga kuja kutengeneza mashine za Elinaike, na kumtukana. Ndiyo, kumtukana. Mbonea alikuwa Mpare na Elinaike Mchaga, na watu wa makabila hayo ni watani tangu enzi za mababu. Wana ruhusa ya kusemana vibaya, kunyang'anyana vitu, hata kumkejeli maiti wa upande wa pili kabla hajazikwa, na ni mwiko kukasirika. Mbonea alikuwa mdogo kwake kwa miaka kadhaa, mwembamba kama mpini wa jembe, na hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita "we Mchaga", au "mwizi", kutegemea siku ilivyokuwa. Tangu Elinaike apasuliwe, alikuwa hajamwona. Alipata salamu tu kwamba fundi anaumwa mgongo.

Nakijwa hakuketi. Alisema amekuja kuomba afundishwe kupika kiburu.

Elinaike alicheka. Mpare na kiburu wapi na wapi? Mbonea mwenyewe alikuwa akisema ndizi na maharage yaliyopondwa pamoja ni chakula cha ng'ombe aliyeng'oka meno. Lakini Nakijwa hakucheka.

"Anakililia, dada," alisema. "Anataka ndizi mshare, magadi yawe kidogo tu. Anasema kiachwe kiungue chini, ule ukoko ukwanguliwe, uvurugwe na maziwa mgando. Nimempikia, anasema sicho. Amejuaje mambo hayo? Hajawahi kula Uchagani hata siku moja. Mwanaume mzima analia juu ya sahani."

Pasi ilibaki juu ya kola mpaka kitambaa kikatoa harufu. Ule ukoko na maziwa ulikuwa wa bibi yake Elinaike, Machame, enzi za ukame, sufuria ilipokuwa haitoshi watu na yule mzee alikuwa akimfichia mjukuu wake kile kilichoganda chini. Wakubwa wangeona aibu wakijua, kwa hiyo alikuwa akila peke yake nyuma ya nyumba. Hakuwahi kumsimulia mtu, hata marehemu mumewe. Alikuwa akikitamani tu, maisha yake yote.

Alimjua mgonjwa wake wa Jumapili.

*

Alipika kiburu hicho kwa mikono yake, bila kukionja, kwa sababu kukionja kusingemwambia kitu. Kesho yake akapanda treni na sufuria mapajani, na njia nzima hadi Mwanga alikuwa akikumbuka siku ile wodini, kabla hajapasuliwa.

Walikuja kumwona wanakwaya wote, Mbonea akiwa nyuma yao, ingawa hakuwa mwanakwaya wala hakualikwa. Waliimba, wakaomba, wakaanza kusikitika kwamba mpokeaji hapatikani. Juu ya kabati dogo la kitanda alikaa Shahidi, kisanduku cha ukubwa wa mche wa sabuni. Sheria ilikuwa imefuta saini, kwa sababu siku za nyuma watu walikuwa wakishikwa mikono na kusainishwa. Ridhaa ilitolewa kwa mdomo, mbele ya Shahidi, naye alikuwa akisikiliza wakati wote. Alikuwa amefundishwa kusikia hofu ndani ya sauti, ulevi, uongo, na mtetemo wa mtu aliyeshurutishwa. Waliomtengeneza walikuwa watu wa mbali sana, na huko kwao hawakuwa na watani.

Mbonea akawasogeza watu. Akasema wanahangaika bure, wampe yeye njaa hiyo. Mpare tangu azaliwe anakula makande ya jana, hajawahi kuona njaa yenye heshima, na amechoka kuona Wachaga wanajidai nayo peke yao. Wodi nzima ikacheka. Shahidi akawasha taa, akauliza kwa upole kama anaridhia. Katika utani hakuna kurudi nyuma. Anayerudi nyuma ameshindwa. Mbonea akasimama wima kama yuko mahakamani, akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, akasema anaridhia kwa akili timamu, tena apewe na sufuria. Elinaike alicheka mpaka bomba la hewa likamtoka puani. Basi, wageni wakaaga, na hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo.

Nyumbani kwa Mbonea mlango ulikuwa wazi. Alikuwa ameketi juu ya godoro lililotandikwa sebuleni, amejiegemeza ukutani, na Elinaike angempita barabarani asimjue. Shingo ilikuwa imezama. Mikono iliyokuwa ikiingia ndani ya cherehani na kutoa sindano iliyovunjika bila koleo, sasa vidole vyake vilikuwa vimeumuka. Mguu mmoja ulikuwa umefungwa bendeji, na chumbani mlinuka dawa.

"Karibu, mwizi," alisema Mbonea. "Umekuja kukagua mali yako?"

Elinaike alifunua sufuria, akaiweka mbele yake. Mbonea hakungoja sahani. Alipofika kwenye ukoko ulioloa maziwa alifumba macho, na machozi yakamteremka taratibu, na Elinaike alijua kila kitu kilichokuwa kinatokea mdomoni humo: ule uchungu kidogo wa kuungua, kisha ubaridi wa maziwa, kisha moshi. Alijua, na hakusikia chochote. Aliona wivu. Alikuja kumhurumia mtu, akajikuta anamwonea wivu, na alijichukia kwa hilo.

Alipomaliza, Mbonea alisimulia kama anayesimulia kisa cha jirani. Siku ya upasuaji walimpigia simu aende kliniki. Alidhani anaitwa kumsaidia mgonjwa kurudi nyumbani, akavaa shati la kutokea. Kufika, akakuta kiini kimeshatolewa, kiko ndani ya bakuli la maji ya chumvi, na Elinaike yuko mezani amefunguliwa. Wakamweleza kwa adabu sana kwamba bado ana haki ya kukataa. Wakamweleza pia nini kitafuata akikataa.

"Ningekataaje?" alisema. "Ukifa, nitamtukana nani?"

Nakijwa alikuwa amesimama mlangoni. Ndiye aliyeeleza yaliyobaki, bila kupamba. Mumewe alikuwa amekula mahindi ya mbegu na maharage ya mbegu yaliyotundikwa juu ya moshi, mabichi, kwa sababu njaa ilimkuta hakuna kingine nyumbani. Sukari ilikuwa imepanda. Kidonda cha mguuni hakikauki, na hospitali ilikuwa imeshataja neno kukata. Kisha akamgeukia Elinaike moja kwa moja. "Dada, irudishe. Sikulaumu. Lakini ni yako."

Mbonea akasema mke wake anapenda kesi kuliko Wapare wote waliowahi kuzaliwa. Akasema Elinaike akirudishiwa njaa atakufa, na kwenye mazishi ya Mchaga mtani ndiye anayetumwa kuni na maji, naye kwa mwili huu hawezi kubeba hata kuni moja. Alicheka peke yake. Elinaike alimwambia aache. Hakuacha.

*

Daktari Kokushubila, aliyempasua, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mwanamke mtaratibu wa Bukoba, mwenye tabia ya kukunja na kukunjua miwani yake.

"Ningekuwepo chumbani ningecheka pamoja nanyi, mama," alisema. "Mimi hupewa ridhaa iliyokwisha kuthibitishwa. Sipewi sauti."

Alimweleza kwamba kiini kinaweza kurudi kilikotoka kabla mizizi yake haijashika katika mwili mpya, na mizizi hushika karibu na masika. Baada ya hapo, kukitoa ni kumuua aliyenacho. Sheria iliruhusu kurudisha kwa sababu moja tu, nayo ni ridhaa kuwa ya uongo. Shahidi angewauliza mtoaji na mpokeaji, hao wawili tu. Wakikubaliana, shauri limekwisha. Wakipingana, neno la mtoaji ndilo zito, maana ndiye anayepoteza kwa kusema.

Elinaike akauliza atapoteza nini. Miwani ikakunjwa. Njaa inayorudi, daktari alisema, hurudi kwa hasira. Wote waliowahi kurudishiwa walirudisha mwili wote wa zamani na kuuzidi, tena haraka, na moyo wake ulikuwa na makovu. Haungeweza kufanya kazi ya punda wawili tena.

"Na yeye akibaki nayo?"

"Ataishi. Mguu mmoja utakatwa, pengine baadaye na wa pili. Ataishi kwa shida, mama, na si muda mrefu kama alivyostahili. Lakini ataishi."

Kwa hiyo ndivyo mizani ilivyokaa, na hakuna mtu wa kumshikia. Uhai wa mmoja ulikuwa upande huu, na upande ule ilikuwa miguu na furaha ya mwingine ambaye hakukosa kitu, isipokuwa kutania mahali ambapo kisanduku kilikuwa kinasikiliza. Elinaike hakuwa mtu mbaya. Alisema palepale kwamba yuko tayari kutoa ushahidi, na daktari akapanga siku.

Siku zilizofuata alijiandaa kwa kufa kama watu wa kwao wanavyojiandaa, kwa kumaliza viporo. Alishona majoho yaliyoagizwa, akayatundika kwa mpangilio wa makanisa. Alipalilia kaburi la mumewe. Lakini mwili, ambao hakuna aliyeushauri, ulikuwa unafurahi. Uliamka mwepesi. Ulipanda mlima. Mwalimu wa kwaya alimpa kuimba peke yake ubeti wa tatu wa wimbo wa mavuno, heshima ambayo hakuwahi kuiota, na sauti ilipomtoka, pana, bila kukatika, aligundua jambo lililomtisha. Alitaka kuishi. Alitaka hata hivi hivi, bila ladha, bila rafiki yake, na chakula kikiwa kama karatasi mdomoni. Si jambo la aibu mtu kutaka kuishi, lakini yeye alilionea aibu, akalificha, akaendelea kusema yuko tayari.

Kwenye treni ya kwenda kliniki alijizoeza maneno yake. Alikuwa anatania. Maneno mawili tu. Hata mtoto angeyasema.

*

Nakijwa alikuwa kwenye benchi la ukumbini, amevaa kanga mbili za kufanana, zile za kwendea mahali pa maana. Alimshika Elinaike mkono kwa mikono yake yote miwili, akaubusu, na Elinaike akaingia ndani na unyevu huo juu ya ngozi.

Chumba kilikuwa kidogo. Daktari Kokushubila alikaa pembeni, kwani hakuruhusiwa kusema. Mbonea alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, shati likiwa limebanwa na vifungo viwili tu, na alikuwa akitafuna. Kati yao mezani alikaa Shahidi. Taa ya kijani ilimaanisha amesadiki, na ya njano kwamba hakusadiki.

Shahidi aliwasalimia, akamwuliza Mbonea kama siku ile wodini alisema kweli, au alitamka asichokusudia.

Mbonea alimeza kilichokuwa mdomoni. Elinaike aliuona uso wake ukibadilika, ukawa ule wa zamani, wa fundi anayeingia karakanani akitafuta pa kuanzia kuudhi.

"Nilisema kweli tupu," alisema. "Nilitaka nijue hawa Wachaga wanajivunia nini."

Taa ya kijani ikawaka.

Elinaike alishangaa, kisha akaelewa. Kisanduku kilikuwa kinatafuta aibu ya mwongo, na mtani anapodanganya hana aibu. Sauti yake haitetemeki, moyo wake haubadili mwendo. Anadanganya kama mtu anavyoimba. Ndivyo Shahidi alivyokosea mara ya kwanza, na ndivyo alivyokuwa anakosea tena, mbele ya daktari aliyekuwa ameinamisha kichwa.

Mbonea alikuwa anamtazama. Elinaike aliyajua macho hayo kwa miaka mingi, na alijua yanataka nini, kama anavyojua kila aliyelelewa na watani. Mtani hukupora kofia msibani ili umfukuze. Hukwambia ng'ombe wako wote ni wake ili umwambie hata mkia hapati. Anatupa jambo kubwa kupita kiasi, na wewe kazi yako ni kulikataa. Ukilikataa, mnacheka, kila mtu anarudi na chake. Mbonea alikuwa amempora kifo chake. Sasa alikuwa anangoja afukuzwe.

Shahidi akamgeukia yeye. "Mama Elinaike Mmari, ulikuwepo. Je, maneno yale yalikuwa ya mchezo?"

Maneno mawili. Aliyasikia yako tayari chini ya ulimi. Alijua pia kwamba akidanganya kwa hofu, taa ya njano itawaka na kweli itajulikana bila yeye kuisema, na kwa sekunde chache alitamani iwe hivyo, kisanduku kimwamulie. Alifungua mdomo. Na kilichotoka kilikuwa sauti ya karakanani, nyepesi, ya kuchokoza, ile aliyokuwa hajaitumia tangu apasuliwe.

"Mpare atanie chakula cha bure?" alisema Elinaike. "Hao hawatanii jambo hilo. Huyu alikuja wodini na kijiko mfukoni."

Kijani.

Mbonea akacheka. Alicheka sana, kwa mwili wote, kiti kikalia, na Elinaike akacheka naye, kwa kuwa kilikuwa kichekesho kizuri, hata daktari angekiri hivyo siku nyingine. Wakacheka mpaka kicheko cha Elinaike kikaisha. Cha Mbonea kiliendelea kidogo peke yake, halafu nacho kikaisha, na uso wake ukabaki mtupu.

"Umenishinda," alisema.

Shahidi akawashukuru wote wawili kwa ukweli wao. Mlango ulipofunguliwa, Nakijwa alisimama. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akashika kiti cha mumewe na kukigeuza kuelekea nje.

*

Masika yalikuja, ambayo siku hizi huja yanapotaka, na mizizi ikashika. Mguu wa Mbonea ulikatwa chini ya goti. Elinaike aliyasikia hayo kwa watu. Alituma ndizi, zikarudishwa na mtu yuleyule aliyezibeba. Cherehani zake akawa anazitengeneza kijana wa mjini, asiyejua kutukana. Sauti yake kanisani iliendelea kuwa nzuri, na ubeti wa tatu ukawa wake wa kudumu.

Alimwona tena Mbonea msibani. Alikuwa amefariki mzee mmoja wa kwaya, Mchaga, na kama desturi ilivyo, watani walikuwa wamefurika kutoka Upareni. Mmoja alivaa koti la marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama yeye, akidai ndiye mwenyewe na kwamba waombolezaji warudi makwao. Mwingine alikuwa ameketi juu ya jembe la kaburi, akikataa kuondoka mpaka apewe kuku. Wafiwa walikuwa wanacheka katikati ya machozi, na ndivyo inavyopasa.

Mbonea alikuwa ameketi chini ya turubai kando ya masufuria, magongo yakiwa ubavuni, sahani mapajani. Alikuwa anakula taratibu kwa bidii, kama mtu anayefanya kazi ya mwingine. Elinaike alimwendea. Moyo ulikuwa unampiga, ule moyo wake uliopona. Alisimama mbele yake, akaikusanya ile sauti ya zamani, akasema kwamba leo Wapare wamekuja kuzika sahani, marehemu hawana habari naye. Akaongeza moja kali zaidi, kuhusu mama yake. Wanawake waliokuwa karibu wakageuka, tayari kusikia atakavyojibiwa.

Mbonea aliweka sahani chini. Alifuta mikono kwa leso. Akashika magongo, akajiinua kwa shida mpaka akasimama, akainamisha kichwa kidogo kama mtu anavyofanya mbele ya mkubwa asiyemzoea.

"Shikamoo, mama," alisema.

Pale jembeni watani walikuwa wamepewa kuku wao na wanashangilia. Elinaike alingoja, labda kuna kitu kitafuata. Mbonea naye alikuwa anangoja, kwa heshima zote, amesimama kwa mguu wake mmoja, na asingeweza kuketi mpaka ajibiwe.

"Marahaba," akasema Elinaike.